Punda moyo unavuma: apandwe au apumzishwe?

Leo naomba tuyaweke kando kidogo mambo ya mawifi, mahari na nyumba ndogo, tuzungumze habari za moyo. Si moyo ule wa barua zenye kunukia marashi, la hasha. Nasema moyo wa punda.

Usicheke, bwana. Dada mmoja wa huko Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, kaniletea ujumbe ambao nimeusoma mara tatu. Anasema bwana mifugo alipita kijijini kwao kuchanja ng'ombe, akampima na punda wao kwa kile kidude cha kuweka masikioni, akatikisa kichwa na kusema moyo wake unavuma. Mume wake anasema hizo ni porojo za wasomi. Punda anakula, anakunywa, alfajiri anapiga makelele kama kawaida, basi apakiwe mzigo maisha yaendelee. Dada naye roho juu, maana mtoto wao wa darasa la tatu ndiye humpanda punda huyo wakiteremka kisimani. "Je, ni salama mtoto kuendelea kumpanda?" Ndivyo alivyomalizia.

Mhariri alitaka nimjibu kwa mistari minne kwenye kile kisanduku cha maswali. Nikamwambia mzee, hili halijibiki kwa mistari minne. Jumamosi asubuhi nikatoka zangu Kayanga, nikafika Omurushaka, nikajibana kwenye gari ndogo, zile tunazoziita michomoko, watu wanane na kuku wawili, huyo Nkwenda. Nilimchukua na bwana mifugo mmoja rafiki yangu ambaye kaniomba nisimtaje jina. Huku vijijini kila mwenye sindano ni dokta, kwa hiyo na mimi nitamwita Dokta.

PUNDA WACHACHE, VILIMA TELE

Aliyefika Karagwe na Kyerwa anaijua hadithi yetu. Nyumba ziko juu, mgongoni mwa kilima, katikati ya migomba. Maji yako chini bondeni. Kati ya hivyo viwili kuna njia nyembamba ambayo ukiipanda na dumu kichwani unakumbuka madhambi yako yote.

Hata hivyo punda kwetu si wengi kama Shinyanga, Singida au Dodoma. Mizigo ya huku tangu jadi ilibebwa na kichwa cha mama, halafu ikaja baiskeli, halafu bodaboda. Wengi wa wenye punda niliozungumza nao wanasema waliwanunua kwa wafugaji waliohamia na mifugo yao kutoka Usukumani.

Farasi ndiyo usiseme. Kuna watu wazima huku ambao farasi wanamjua kwa televisheni tu. Sababu zipo. Mapori ya ukanda wa mto Kagera yalikuwa makao ya mbung'o, na mbung'o hueneza nagana, ugonjwa ambao farasi hauwezi kabisa. Juu yake kuna ule ugonjwa unaoitwa homa ya farasi ya Afrika, unaoenezwa na visubi, vile vidudu vidogo vinavyouma jioni. Moja ya sura za homa hiyo hupiga moyo wenyewe: kichwa kinavimba, vile vishimo vya juu ya macho vinajaa, mnyama anakufa. Punda wa Afrika anaupata ugonjwa huo lakini mara nyingi haumuangushi. Ndiyo maana punda yuko hapa na farasi hayupo.

Na wala si jambo la leo. Mzungu Kapteni Grant, yule mwenzake Speke, alikaa kwa Mfalme Rumanyika hapa Karagwe tangu Novemba 1861 hadi Aprili 1862 kwa sababu mguu ulikuwa umeoza kwa kidonda. Alipoondoka kwenda Uganda hakupanda farasi wala nini. Alibebwa na wanaume kwenye machela, kama gunia.

Sasa punda mwenyewe kawa mali. Ngozi yake ilitafutwa sana kwa ajili ya dawa ya Kichina, punda wakachinjwa na kuibwa kila kona ya Afrika. Serikali yetu ikapiga marufuku kuchinja punda mwaka 2022, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kule Addis Ababa kusimamisha biashara ya ngozi ya punda kwa miaka 15. Kwa hiyo mtu akikwambia "huyo kama moyo mbovu mtupe ununue mwingine", mwambie atangulie yeye kutoa fedha.

MVUMO NI KITU GANI HASA?

Kabla hatujafika kisimani ngoja nikupe shule kidogo, maana Dokta alinipa shule hiyo njia nzima nikiwa na kuku mapajani.

Moyo ni pampu yenye vyumba vinne na milango minne. Milango hiyo inaitwa vali. Damu ikipita, mlango unajifunga ili isirudi ilikotoka. Ile sauti ya du-dup, du-dup unayoisikia ni milango inapofunga. Kati ya du na dup panatakiwa pawe kimya. Pakisikika fyuuu, au shwaa, kama maji yanayopita kwenye mpira uliobanwa, hapo ndipo wanaposema moyo una mvumo.

Sasa sikiliza, hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mvumo ni sauti, si ugonjwa. Inakwambia kwamba damu mahali fulani inapita kwa msukosuko, basi. Kwa nini ina msukosuko, hilo ni swali jingine.

Jamii ya farasi na punda wana moyo mkubwa. Wa farasi una uzito wa kama kilo 4, na kuna yule farasi wa mbio wa Australia, Phar Lap, aliyekufa mwaka 1932, moyo wake wa kilo 6.2 umehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho kule Canberra watu wanakwenda kuutazama. Damu nyingi ikisukumwa kwa nguvu kwenye bomba pana, kelele kidogo haikosekani. Farasi wengi wazima kabisa, tena wale wenye mazoezi makali, wana mvumo laini upande wa kushoto ambao hauna madhara yoyote.

Halafu kuna vituko vingine. Moyo wa farasi unaweza kutoa hadi sauti nne badala ya mbili na ukawa mzima. Unaweza pia kuruka pigo moja farasi akiwa amepumzika: du-dup, du-dup, kimya, du-dup. Mtu asiyezoea anaruka na yeye. Kumbe farasi mwenye mazoezi akipumzika moyo wake hujipunguzia kazi, na ukimtembeza haraka kidogo pigo linarudi mahali pake. Likirudi, hakuna tatizo. Mbaya ni ule moyo unaopiga ovyo ovyo bila mpangilio wowote, kama ngoma ya mlevi, na ukimtembeza mnyama bado ni ovyo tu.

Wataalamu wanaupima mvumo kwa madaraja 6. La 1 ni sauti ndogo ambayo hata daktari lazima anyamazishe watu ndipo aisikie. La 5 ukiweka kiganja kifuani unahisi mtetemo. La 6 linasikika hata kidude kikiwa kimeinuliwa kidogo kutoka kwenye ngozi. Lakini nasisitiza, ukubwa wa sauti peke yake haukwambii ukubwa wa balaa. Tundu dogo linaweza kupiga filimbi kuliko tundu kubwa, na mwenye nyumba ya bati atanielewa.

TUKAFIKA KWA MWENYEWE

Tulimkuta punda amefungwa chini ya mparachichi, jike, rangi ya kijivu, na ule msalaba mweusi mgongoni. Dada alitupokea kwa chai. Shemeji alitupokea kwa kununa.

"Kaka, mmetoka Kayanga kuja kumpima punda?" akaniuliza. "Juzi mama yangu alilazwa, hakuna aliyekuja na gari."

Sikuwa na jibu. Nikaomba sukari.

Dokta kwanza hakumgusa punda. Alisimama pembeni kama dakika kumi akimtazama tu, huku mimi nadhani anavunga. Kumbe anahesabu pumzi. Punda akiwa ametulia anavuta pumzi kati ya 12 na 28 kwa dakika. Akatazama chini ya kifua na tumbo kama kuna uvimbe. Hakuna. Akatazama mshipa mkubwa wa shingoni kama umetuna na kupigapiga hadi juu. Haukutuna. Akafunua ufizi: rangi ya waridi, safi.

Ndipo akaingiza vidole chini ya taya, kuna mshipa pale unapigia kwenye mfupa, akahesabu kwa saa ya simu. Mapigo 44. Punda aliyetulia hupiga kati ya 36 na 52, kwa hiyo yuko katikati kabisa. Mimi wakati huo nilijipima yangu, sitaki kukwambia yalikuwa mangapi baada ya ule mlima.

Halafu akachukua stetoskopu. Usidhani anaweka popote. Mguu wa mbele wa kushoto unasogezwa mbele kidogo, kidude kinaingizwa nyuma ya kiwiko, ndani kabisa kwapani, kisha kinasogezwa polepole. Halafu upande wa kulia hivyo hivyo. Alikaa huko muda mrefu hadi shemeji akaanza kuangalia saa. Mwisho akanivika na mimi.

Jamani, nilisikia. Du-dup-hooo. Du-dup-hooo. Kama mtu anayepuliza chai ya moto, tena upulizaji wenyewe uko baada ya dup, si kabla.

"Hapo ndipo penyewe," Dokta akasema. "Ingekuwa kabla ya dup, tena laini, ningekuwa na wasiwasi mdogo zaidi. Hii iko baada. Ule mlango wa mshipa mkuu unaotoa damu kwenda mwilini unavuja kidogo, damu inarudi nyuma moyo ukiwa unapumzika. Nadhani hivyo. Bila ultrasaundi siwezi kukuapia."

Akaangalia meno. Alikadiria punda amepita miaka 15. Ikawa na maana, kwa sababu kuvuja kwa mlango huo ni mambo ya uzee kwa farasi na jamaa zake, kama magoti kwetu sisi. Wengi huishi nao miaka bila kusumbuka, wengine unaongezeka. Hiyo ultrasaundi ya moyo wa mnyama mkubwa huipati Kyerwa. Ukitaka wataalamu wa chuo, wako Sokoine kule Morogoro, zaidi ya kilomita 1,000, na sijui punda utamkatia tiketi ya basi gani.

KIPIMO CHA MLIMA

Kama huna mashine una mlima. Dokta akaamuru punda ateremshwe kisimani bila mzigo, kisha apandishwe mwendo wa kawaida. Tukafuatana wote, na watoto kama kumi wakaongezeka, ikawa kama mwenge umepita.

Juu kileleni mapigo yakawa 92. Baada ya dakika tano, 60. Baada ya dakika kumi, 48. Kwenye mashindano ya mbio ndefu za farasi huko nje kwa miaka mingi kikomo cha kuruhusiwa kuendelea kilikuwa mapigo 64 baada ya kupumzishwa kidogo. Huyu wetu kapita bila shida. Hakukohoa, hakuyumba, mapigo hayakuvurugika, na kitu cha kwanza alichofanya alipofika juu ni kuing'ata kofia ya shemeji. Hapo hata shemeji alicheka.

"Mnaona?" akasema. "Mzima huyu. Nipakie."

"Unapakia mangapi?" Dokta akauliza.

"Manne."

Msomaji, chukua kalamu. Dumu moja lita 20, sawa na kilo 20. Manne ni kilo 80, bado tandiko. Shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza, ambalo kazi yake ni punda tu, linaweka kikomo cha kilo 50 kwa mtu anayempanda punda. Tena hao ni punda walioshiba, wanaotembea kwenye nyasi zilizonyooka, si wetu wa milima ya Nkwenda. Yaani hata huyu punda angekuwa na moyo wa chuma, madumu manne yangekuwa ni kumdhulumu. Na mtoto wa darasa la tatu, ukimweka kwenye mizani pamoja na madumu matupu, anakaribia kilo 30 huyo. Kuteremka mlima na mzigo mgongoni si mapumziko kwa punda.

Wahenga walisema punda afe, mzigo ufike. Hawakusema safari ya kesho mzigo utafikaje.

KWA NINI MTOTO ASIPANDE

Hili ndilo swali la dada, na nilimwomba Dokta asizungukezunguke.

Akasema hivi. Punda au farasi mwenye mvumo kuanguka ghafla na kufa ni jambo la nadra. Nadra sana. Wenye mivumo wengi hufa kwa mambo mengine kabisa wakiwa wazee. Lakini mnyama wa kilo mia na kitu akianguka njiani, aliye mgongoni anaanguka naye, na njia ya kisima hicho upande mmoja ni ukuta wa udongo, upande wa pili ni korongo. Mwaka 2014 madaktari bingwa wa farasi wa Marekani na Ulaya walikaa pamoja wakatoa mwongozo juu ya farasi wenye matatizo ya moyo. Wengine waliruhusiwa kuendelea na kazi kama kawaida wakiangaliwa kila mara. Wengine wakaambiwa basi. Na katikati wapo wale ambao wanaruhusiwa kupandwa na mtu mzima tu, tena aliyeelezwa wazi kwamba mnyama huyu moyo wake una jambo. Mtoto hayumo, kwa sababu mtoto hawezi kuikubali hatari asiyoielewa.

Hapo mimi naungana na Dokta mia kwa mia. Mtu mzima akiamua kujihatarisha ni shauri yake. Mtoto anapandishwa na sisi.

Kwa hiyo hukumu ya Nkwenda ikawa hivi: punda aendelee kufanya kazi, madumu mawili badala ya manne, asipandwe na mtu, na mkubwa mmoja awe anafuatana naye. Kila baada ya miezi mitatu apimwe. Kazi nyepesi ya kila siku, Dokta akasema, kwa moyo wa namna hii ni nzuri kuliko kufungwa mtini wiki nzima halafu Jumapili unamuua kwa mizigo.

Sasa shemeji akauliza swali ambalo hata wewe unayecheka ungeuliza. "Hayo madumu mawili yanayobaki nani atabeba?"

Pakawa kimya. Sote tukajikuta tunamtazama dada. Yeye alikuwa anaangalia chini, anachora udongo kwa kidole cha mguu.

Na hapa ndipo penye moyo wa habari yote, kama utaniruhusu. Mabwana mifugo wanafika, wanasema mnyama apumzishwe, wanaandika kwenye daftari, wanaondoka. Mzigo haupumziki. Unahama tu, kutoka mgongo wa punda hadi kichwa cha mama na mtoto wa kike. Bwana anayebisha kwamba punda ni mzima wakati mwingine habishi kwa ujinga, anabisha kwa sababu hana njia nyingine. Ila wakati mwingine njia nyingine ipo, imeegemezwa ukutani, ina magurudumu mawili na kengele. Dada hakusema neno. Aliinua tu macho akaitazama baiskeli. Shemeji akakohoa.

"Basi asubuhi nitasukuma mimi," akasema. "Lakini msiandike jina langu kwenye gazeti." Sijaliandika.

WA JIRANI ALIKUWA MBAYA ZAIDI

Habari zikaenea, jirani naye akaleta wa kwake. Dume kijana, miaka minne mitano hivi. Huyu kwa kumtazama tu ulijua. Mbavu nje, manyoya yamesimama, ufizi mweupe kama karatasi. Dokta akasikiliza: mvumo upo, pande zote mbili, kabla ya dup, na mapigo 68 akiwa amesimama tu.

Nikadhani huyu ndiyo basi tena. Kumbe ndiye mwenye matumaini ya kupona kabisa. Moyo wake hauna kasoro, damu ndiyo haitoshi. Damu ikipungua inakuwa nyepesi na moyo unaisukuma mbio mbio, basi inapita kwa kelele. Kinachomaliza damu ni minyoo, kupe, nagana, njaa, au vyote kwa pamoja. Dokta akachukua damu kidogo kwenda kuitazama kwa hadubini, akaacha dawa ya minyoo na amri ya mapumziko kamili: huyu asibebe hata mkungu wa ndizi hadi ufizi urudi rangi yake. Damu ikirudi, mvumo wa namna hii hutoweka wenyewe.

Unaona sasa? Punda mwenye mvumo wa kudumu anafanya kazi, na mwenye mvumo wa kupona ndiye anayelazwa. Ukienda kwa sauti tu utawapa hukumu kinyume.

Onyo dogo hapo hapo. Mwenye punda huyo alikuwa tayari kumchoma sindano ya nagana ya ng'ombe wake, kwa kukadiria. Usithubutu. Farasi na punda hawazistahimili baadhi ya dawa hizo kama ng'ombe anavyozistahimili, na kipimo lazima kitoke kwa anayejua uzito na dawa yenyewe.

Na jingine ambalo lilinishangaza zaidi. Chakula cha kuku! Vyakula vingine vya kuku wa nyama huchanganywa dawa za kuzuia kuhara damu, kama monensin na salinomycin. Kuku anazila ananenepa. Farasi na punda kiasi kidogo tu kinaharibu msuli wa moyo, na anaweza kufa siku hizo hizo au akabaki na moyo mbovu maisha yake yote. Huku kwetu ambako banda la kuku na kamba ya punda vimekaa hatua tano, funga gunia lako vizuri.

DALILI ZA KUSIMAMISHA KAZI

Punda ni mnyama msiri. Farasi akiumwa atakuonyesha, punda anavumilia hadi siku anayolala. Kwa hiyo usisubiri alie. Mwenye punda ambaye moyo wake unavuma asimamishe kazi siku hiyo hiyo na kumwita bwana mifugo akiona uvimbe laini chini ya kifua au tumbo ambao ukiubonyeza kidole kinaacha shimo, au ule mshipa wa shingo umetuna akiwa amesimama kichwa juu. Kukohoa au kuhema akiwa amepumzika nako ni dalili. Vilevile punda aliyekuwa anapanda mlima moja kwa moja sasa anasimama mara tatu njiani. Watu humpiga fimbo hapo, wanasema kaanza ukaidi. Mapigo ya mapumziko yakipanda juu ya 60 siku mbili tatu mfululizo, hata kama anakula, usimpakie. Na aliyewahi kuyumba au kuanguka akiwa kazini, huyo kupandwa na kupakiwa kumekwisha, hakuna cha mtoto wala mtu mzima.

Kwa mwana-punda aliyezaliwa juzi usiwe na haraka. Watoto wa farasi na punda wakizaliwa mara nyingi wana mvumo siku za mwanzo, kuna njia ndogo ya damu ya tumboni mwa mama ambayo bado haijajifunga. Ukiendelea kusikika baada ya hapo, hasa ukiwa mkubwa upande wa kulia, basi yumkini kazaliwa na tundu kati ya vyumba vya moyo, na huyo lazima apimwe kabla hajafundishwa kazi.

UKITAKA KUNUNUA

Kabla sijaweka kalamu chini, kuna kaka wa Kaisho aliyesikia safari yangu akanipigia simu kuuliza anunue vipi punda bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kaka, huhitaji stetoskopu. Nenda asubuhi kabla hajafanyishwa kazi. Funua ufizi. Tia vidole chini ya taya uhesabu nusu dakika, zidisha mara mbili. Pitisha mkono chini ya kifua. Kisha omba umtembeze kilimani, umhesabu tena, usimame naye dakika kumi uhesabu mara ya tatu. Akishuka vizuri, mwite bwana mifugo amalizie, kumlipa yeye ni rahisi kuliko kununua punda mara mbili.

Na muuzaji akikataa punda wake asipandishwe mlima hata mara moja, eti amechoka, eti jua kali, muage kwa heshima, mwulizie bei ya mbuzi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Zile barua zenu za mawifi ninazo, sijazitupa.